Ndugu Wanakuja: Chakula cha Kwao, Jikoni Kwako

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaosubiri mgeni: mama mkwe, baba, nyanya, mama anayekuja kulea mzazi. Karibu wote wameuliza mapishi. Sisi tutaanzia sokoni, maana chakula cha mkoa huharibika pale mtu anaponunua ndizi isiyo yenyewe au unga usio wenyewe, kisha akaulaumu mkono wake. Pilau na kuku wa kukaanga mgeni atavila kwa furaha siku ya kwanza. Kuanzia siku ya tatu tumbo hudai kile linachokijua.

Ndizi zimegoma kulainika

*Mama mkwe wangu anatoka Muleba na atakaa kwangu wiki mbili. Nimejaribu kupika ndizi na maharage ili nijifunze kabla hajafika. Zikawa nyeusi na ngumu katikati, halafu pembeni zimevurugika. Muuzaji aliniapia kwamba zote ni ndizi za kupika. Nakosea wapi? – Mkamwana mwenye wasiwasi, Kimara, Dar es Salaam*

Muuzaji hakukudanganya, zote hupikwa. Ila mama mkwe wako anazijua ndizi za Bukoba, zile ambazo Waganda wanaziita matoke, na pengine wewe ulipewa mzuzu au bokoboko. Mzuzu ni ndefu, imepinda, ina kona kali na ncha iliyochongoka. Ni tamu sana ikiiva na kupikwa kwa nazi, lakini ikichemshwa mbichi hubaki kavu na ngumu. Bokoboko ni nene, fupi na ina kona zinazoonekana wazi. Ndizi ya Bukoba imejaa, ni ya mviringo zaidi, kijani kilichokolea, na ncha yake ni butu. Ukiimenya nyama yake ni nyeupe ya maziwa, na ikipikwa hugeuka njano. Hiyo njano ndiyo mama mkwe ataitafuta kwa macho kabla hajaonja.

Kwa Dar es Salaam nenda Mabibo, kwenye soko ambalo watu wanaliita Mahakama ya Ndizi, na uende asubuhi. Usiulize "ndizi za kupika", uliza "ndizi za Bukoba". Kumbuka zimesafiri zaidi ya kilomita 1,300 kwenye lori, kwa hiyo usinunue mkungu mzima kama hauna watu wa kuumaliza. Nunua vichana viwili, uvunje ndizi moja ya juu kabisa na kuitazama ndani. Ikiwa nyama imeanza kuwa na unjano na kunata kwa utamu, wanga umeshaanza kugeuka sukari. Zikipikwa zitavurugika na kuwa tamu, na Mhaya hatakubali ndizi tamu kwenye maharage. Nyumbani ziweke mahali penye baridi, mbali na embe, papai au ndizi mbivu, la sivyo zitaiva haraka.

Sasa jikoni. Kwa watu sita andaa ndizi 20 hadi 24 za wastani, nusu kilo ya maharage, vitunguu viwili, nyanya tatu, vijiko vinne vya mafuta au samli, na chumvi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Kabisa maana yake ukilibonyeza moja kwa vidole viwili linapondeka bila kubishana. Usiweke nyanya bado.

Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kumenya, kwa sababu utomvu wa ndizi hung'ang'ania ngozi na hutia nguo doa lisilotoka. Kila ndizi uliyomenya itumbukize mara moja kwenye beseni la maji. Weusi ulioupata unatokana na nyama ya ndizi kukaa kwenye hewa. Wengine hukamulia limau kwenye hayo maji, na linasaidia, lakini suuza ndizi vizuri kabla ya kuzipika. Ukali wa limau, kama ule wa nyanya, huzuia ndizi na maharage kulainika. Tunadhani hapa ndipo lilipo kosa lako kubwa: ulikaanga vitunguu na nyanya kwanza, ukamwagia ndizi mbichi juu yake, kama watu wanavyopika mchuzi wa kawaida.

Panga ndizi juu ya maharage yanayochemka. Maji yafike robo tatu ya kimo cha ndizi, chumvi iingie, funika vizuri. Ukipata jani la mgomba lifunike ndani ya sufuria chini ya mfuniko, kwani hushikilia mvuke na kuleta harufu ya nyumbani. Moto uwe wa wastani, dakika 30 hadi 35, na usikoroge. Ukitaka kusogeza, shika sufuria masikio yote mawili na uitikise. Moto usikatike katikati. Gesi ikiisha ndizi zikapoa nusu mbichi, ukiwasha tena zitalainika nje na kubaki na kiini kigumu. Ni vivyo hivyo ukiongeza maji baridi. Weka birika la maji moto pembeni.

Ndizi zikishakuwa njano na uma unapita bila nguvu, ndipo ukaange vitunguu na nyanya kwenye kikaango chao, umwage juu, uache dakika tano. Pakua zikiwa moto, maana zikipoa hukaza.

Kama wakati wa kuja kwake ni msimu wa senene, Novemba na Desemba hivi, huenda akaja nao mwenyewe. Usiwatie mafuta kikaangoni, wana mafuta yao ya kutosha. Chumvi kidogo, moto mdogo, na subira mpaka wakauke.

Anasema "chochote tu"

*Kila nikimuuliza shangazi angependa kula nini anajibu "chochote tu mwanangu". Kisha nikipika anakula vijiko vitatu na kushukuru. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro*

Acha kumuuliza anataka nini. Kwa heshima hatakuambia. Muulize habari za nyumbani: "Shangazi, msimu huu shambani kuna nini? Jana kabla hujapanda basi mlikula nini?" Atakutajia mboga, aina ya unga na namna inavyopikwa. Pia mpigie simu yule anayeishi naye, umuulize mambo matatu: anakula unga gani, anaweka chumvi kiasi gani, na jioni anakula saa ngapi. Wazee wengi wa vijijini hula mapema. Ukimwekea chakula saa tatu usiku, vijiko vitatu ndivyo utakavyopata hata kama umepika vizuri.

Na mpe kazi. Mletee sinia la mchele achambue au mboga azichambue karibu na jiko. Akiwa hapo ataona unachofanya, na neno "kwetu hatuweki hivyo" litamtoka lenyewe.

Mlenda wenye ladha ya sabuni na ugali mchungu

*Wazazi wangu wanatoka Kondoa upande wa Dodoma. Nimenunua unga wa uwele Arusha, ugali umetoka mchungu. Na mlenda wangu wa unga una mabonge na ladha ya sabuni. Nisaidieni kabla hawajarudi kwao na njaa. – Msomaji, Sakina, Arusha*

Uchungu wa ugali haukutokana na wewe. Uwele una mafuta mengi kuliko nafaka nyingine za ugali, na ukishasagwa mafuta yale huanza kuharibika. Ndani ya wiki moja au mbili unga uliokaa dukani kwenye joto hunuka vumbi la zamani na kuacha uchungu nyuma ya ulimi. Kwa hiyo nunua nafaka, si unga. Pepeta, chambua mawe kwa makini (uwele ni mdogo, na jiwe lake ni dogo pia), osha, anika ukauke kabisa, kisha peleka mashine ya jirani. Mwambie mwenye mashine asage wako baada ya mtu wa mtama au uwele, maana mabaki ya sembe yatachanganyika na wako. Saga wa siku chache tu. Unaobaki ufunge kwenye mfuko usioingiza hewa na uuweke kwenye friza. Kama nafaka haipatikani, maduka ya vyakula vya Kihindi huuza unga wa uwele kwa jina la bajra na wa mtama kwa jina la jowar. Unuse kabla ya kulipa.

Kwa watu wanne: maji lita moja, unga gramu 500 hadi 600. Koroga konzi mbili za unga kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga mpaka uwe uji, uuache utokote dakika tano. Watu huruka hatua hii, halafu wanashangaa ugali unakatikakatika. Uji ukishaiva ndio unaoshika unga wote utakaofuata. Ongeza unga kidogo kidogo ukisonga, punguza moto, geuza, funika dakika mbili, songa tena. Ukiona bado unakatika, theluthi moja ya unga iwe ya mahindi. Wazee wako watagundua, lakini watakula.

Kuhusu mlenda, ladha ya sabuni ni magadi yaliyozidi. Kwa vikombe vitatu vya maji, robo kijiko cha chai kinatosha. Yayeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji, uyaache yatulie, umimine yale maji ya juu tu, kwa sababu chini hubaki mchanga. Maji yakichemka yatie hayo magadi, kisha nyunyiza vijiko vitatu vya chakula vya unga wa mlenda kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukipekecha kwa upekecho. Mabonge yalitokea kwa sababu uliumimina wote kwa mpigo. Usifunike. Mlenda huumuka na kumwagikia jiko mara tu ukigeuka.

Dakika tano hadi nane zinatosha, ukizidisha mvuto hupungua. Nyanya na kitunguu vipike pembeni na uvitie mwishoni. Ukitia nyanya pamoja na magadi utaona povu likipanda. Hapo ukali wa nyanya unaumaliza ule wa magadi, nawe utashawishika kuongeza magadi mengine, na hivyo ndivyo sabuni inavyoingia. Malizia na vijiko vitatu au vinne vya karanga zilizosagwa, ukizikoroga kwanza kwa maji ya vuguvugu. Onja, ndipo utie chumvi.

Mbaazi za nazi, mbali na bahari

*Hamjambo wapendwa? Nyanyake mume wangu anatoka Lamu, atatutembelea hapa Nairobi kwa mwezi mzima. Nimeambiwa asubuhi yake ni mahamri na mbaazi. Mbaazi zangu hazilainiki hata nikizichemsha asubuhi yote, na tui linakatika. Mahamri nayo yanatoka bapa. – Mke wa Mbajuni, Umoja, Nairobi*

Hatujambo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mbaazi zinazoiva Lamu kwa saa moja na nusu kwako zitakula saa mbili na zaidi, na zile kuukuu zilizokaa gunia mwaka mzima hazitalainika vizuri hata uzipikeje. Nunua mbaazi za mavuno mapya, zenye ngozi laini isiyo na mikunjo. Loweka usiku kucha, kisha tumia sufuria ya presha: dakika 20 hadi 25 tangu ianze kupiga mluzi, halafu iache ishuke presha yenyewe. Ukiifungua kwa nguvu mbaazi hupasuka na kuwa uji.

Nusu kilo ya mbaazi inataka nazi mbili. Nazi nzuri ni nzito, na ukiitikisa unasikia maji. Tazama yale macho matatu: yawe makavu, pasipo ukungu wala unyevu. Ivunje hapo hapo kwa muuzaji ukiweza, unuse. Nazi iliyoanza kuoza hutoa harufu ya mafuta ya zamani, na hakuna kiungo kitakachoificha. Ikune kwenye mbuzi, tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua na chuja: hilo ndilo tui zito, liweke kando. Rudia mara mbili kwa kikombe kimoja kimoja, upate tui jepesi.

Tia tui jepesi kwenye mbaazi zilizoiva, pamoja na kitunguu kilichokatwa, pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa ubavuni, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai na chumvi. Pika kwa moto wa wastani dakika 15 hadi 20 mpaka maji yapungue. Sasa punguza moto kabisa ndipo umimine tui zito, na uanze kukoroga taratibu upande mmoja bila kuacha mpaka litokote kidogo. Tui hukatika likichemka kwa nguvu au likiachwa bila kukorogwa. Dakika tano hadi nane, epua. Mbaazi ziwe zimevaa tui zito, zisielee kwenye mchuzi. Ukitumia tui la kopo, soma lebo na uchague lenye nazi na maji peke yake au karibu na hivyo. Nusu ya kopo ipunguze kwa maji iwe tui jepesi, nusu nyingine ihifadhi ya mwisho.

Mahamri: unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 100, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, na tui la vuguvugu mililita 250 hadi 300 utakalolitia kidogo kidogo. Tui likiwa la moto hamira hufa, na huo ni mlango wa kwanza wa ubapa. Kanda dakika 10 hadi 15 mpaka donge liwe laini na lisinate. Baridi ya Nairobi huchelewesha kuumuka, hivyo lipe donge saa mbili hadi tatu mahali penye joto, kwa mfano ndani ya oveni iliyozimwa na bakuli la maji moto pembeni yake. Gawa madonge matano, sukuma kila moja unene wa nusu sentimita, kata vipande vinne, uviache dakika 20 juu ya kitambaa.

Ubapa wa pili unatokana na kusukuma wembamba mno, na wa tatu na mafuta ambayo hayajapata moto. Tia kipande kidogo cha unga kwenye mafuta. Kikizama na kupanda ndani ya sekunde chache, yako tayari. Tia hamri na mara hiyo hiyo limwagie mafuta juu kwa kijiko. Hilo ndilo linaloliamsha. Geuza likiwa limefura, lipate rangi upande wa pili.

Nyanya wa Lamu akiwa hapo, mwombe akande yeye siku ya pili na wewe usukume. Mkono wake unajua donge limefika wapi kabla saa haijakuambia.

Baba wa Kigoma, Ohio

*Baba anakuja Columbus kwa miezi mitatu. Ni mtu wa Ujiji: ugali wa muhogo, dagaa, kisamvu, mawese. Madukani hapa kuna unga wa kila namna na sijui upi ni upi. Mara ya mwisho nilipika kitu kikawa gundi kabisa. – Binti yake, Columbus, Marekani*

Gundi hiyo ni wanga wa muhogo, ule unaouzwa kwa jina la tapioca. Umetolewa nyuzi zote na hausongeki. Garri nayo si yenyewe, imekaangwa. Vile viboksi vilivyoandikwa fufu visome nyuma: vingi ni mchanganyiko wa viazi, ndizi na wanga. Unachotafuta ni unga ambao kiungo chake ni muhogo peke yake. Duka la Wakongo au Warundi ndilo la kwanza kwenda, na ukiongea Kiswahili mlangoni utahudumiwa kama ndugu. La pili ni la Wanaijeria: ulizia lafun, unga wa muhogo ulioloweshwa na kuchachuka kabla ya kukaushwa. Huo uko karibu sana na udaga, unga wa muhogo uliochachushwa wa kwetu, hata harufu yake.

Kusonga: chemsha vikombe vinne vya maji, toa kimoja ukiweke pembeni. Epua sufuria, mimina vikombe vitatu vya unga kwa pamoja, songa kwa nguvu na haraka kwa mwiko mgumu. Ukiwa mgumu ongeza yale maji ya moto kidogo kidogo. Rudisha kwenye moto mdogo dakika mbili au tatu ukiendelea kusonga mpaka weupe wa unga mbichi uishe na ugali uanze kung'aa. Ukiuacha motoni zaidi ya hapo unavutika mno. Uule moto.

Dagaa wa Kigoma waulizie kwa jina la ndagala, ndivyo wanavyoitwa Burundi na mashariki ya Kongo. Migebuka mikavu hupatikana kwa bahati. Ikikosekana usimbadilishie baba kwa samaki mwingine na kumwambia ni mgebuka. Wakaange dagaa kwenye sufuria kavu dakika tatu, waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili, wachuje. Pasha mawese kwa moto mdogo. Yakipata moto mkali rangi nyekundu hutoka na moshi wake huharibu chungu kizima. Kitunguu, nyanya, dagaa, pilipili, maji kidogo, dakika kumi.

Mawese yenyewe yawe mekundu, yasiyosafishwa kiwandani. Wakati wa baridi yataganda kwenye chupa, hiyo ni kawaida. Iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu. Yakinuka sabuni yamekwisha.

Kisamvu kinauzwa kimegandishwa, pakiti imeandikwa pondu, saka-saka au sombe. Kimetwangwa tu, hakijapikwa, hata kama kinaonekana tayari. Jani la muhogo lina sumu ambayo huondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa sana, kwa hiyo kichemshe bila mfuniko saa nzima au zaidi kabla ya kutia mawese, kitunguu na karanga. Usikisikilize kile kiharufu kizuri cha dakika ya ishirini.

Mengine ya kukusaidia miezi hiyo mitatu: mbaazi zipo kwenye maduka ya Walatino kwa jina la gandules, kavu na za kopo. Mlenda upo kwa Waarabu, umegandishwa, jina lake molokhia. Unga wa ulezi wa kumpikia uji upo kwa Wahindi, unaitwa ragi. Kwa ugali wa mahindi usinunue masa harina. Mahindi yake yamepikwa kwa chokaa na harufu yake ni nyingine kabisa. Na mwambie baba asifungashe nyama wala matunda mabichi, na chakula chochote atakachobeba akitaje forodhani, hata kama ni kidogo.

Mtori bila mshare

*Nimejifungua. Mama anakuja Mwanza kutoka Machame kunilea, na nataka akute mtori. Lakini hapa zile ndizi za mshare sizioni. – Mzazi, Ilemela*

Hongera sana. Tumia ndizi za Bukoba, Mwanza zimejaa. Mtori wake utakuwa laini na wa njano zaidi kuliko wa mshare, ila ni mtori halali. Mbichi kabisa tafadhali, kwani moja tu iliyoanza kuiva hutia utamu sufuria nzima.

Kilo moja ya nyama yenye mifupa, ubavu au kidari, ichemshwe kwa lita tatu za maji, chumvi na kitunguu mpaka iachie mfupa. Toa nyama. Kwenye supu hiyo tia ndizi 12 hadi 15 zilizokatwa, chemsha mpaka ziive, na uziponde zikiwa moto bado, kwa mwiko au upekecho. Zikipoa huacha mabonge. Nyama ichambue nyuzi nyuzi uirudishe, malizia na kijiko cha siagi. Mtori huzidi kuwa mzito kadiri unavyokaa, kwa hiyo acha vikombe viwili vya supu pembeni vya kuuzimulia.

Mama mwenyewe, akishakulisha wewe, atataka kitu cha kushika tumbo. Mpikie kiburu: ndizi na maharage kama tulivyoeleza juu, yakipondwa pamoja yakaze, na magadi kidogo sana.

Baba mkubwa ana presha na sukari

*Anatoka Bariadi, anapenda michembe, matobolwa na dagaa. Nimpe au nimnyime? – Msomaji, Tabata*

Mpe, ila uliza kwanza kliniki yake imemwambia nini na ufuate hayo. Kwa presha angalia vitu viwili. Magadi ni chumvi ya aina nyingine, yana sodiamu nyingi, kwa hiyo mboga yake isipikwe nayo. Dagaa na samaki waliokaushwa kwa chumvi waloweke saa moja, mwaga maji, rudia, na kwenye mchuzi usiongeze chumvi.

Kwa sukari, michembe na matobolwa vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa, vya kwanza vibichi, vya pili vikiwa vimechemshwa. Maji yametoka, utamu na wanga vimebaki, ndiyo maana kiganja kimoja ni viazi vingi kuliko kinavyoonekana. Mpimie kwenye sahani ndogo, asile kutoka kwenye kikapu, na umwekee pamoja na karanga au maziwa mgando yasiyo na sukari. Ugali wa mtama au uwele ana ruhusa ya kuufurahia, ila nao ni wanga: donge liwe dogo, mboga iwe nyingi. Dawa zake ziwe mezani kabla ya sahani, hasa kama anatumia insulini, na usimcheleweshee chakula akishachoma.